Waliouguza Hawamo Katika Shajara

Wengi wenu mnaofuatilia ukurasa huu mnayo nakala ya shajara ya ukoo wetu. Babu aliinakili mwaka 1958 kwa hati ya Kiarabu. Ikatoka Unguja mwaka 1964 ikiwa imekunjwa ndani ya mkoba wa nguo za mtoto, ikakaa Dar es Salaam miaka minane, ikavuka bahari hadi Maskati, na leo inaishi ndani ya simu zetu. Ina wanaume wa vizazi tisa. Wanawake ni wachache, na aghalabu wametajwa kama binti wa fulani au mke wa fulani. Kwa miaka mingi nimeitumia kujibu maswali yenu: nani alizaliwa Pemba, nani alizikwa Mombasa, tawi lipi liliingia Kongo likapotelea Kasongo. Sikutarajia kwamba swali ambalo shajara ile haina jibu lake lingetoka kwa muuguzi, hapa Manassas, aliyekuja kumpima Mama Mkubwa shinikizo la damu.

Mama Mkubwa mnamjua. Ni dada mkubwa wa mama yangu, na ndiye aliyenilea tangu nilipofiwa na mama nikiwa na miezi saba. Mwanawe wa pekee, ambaye mimi humwita kaka bila ya kuongeza neno, alimwombea ukaazi wa Marekani mwaka 2008, na tangu hapo anakaa naye. Februari mwaka 2025, akiwa na umri wa miaka 85, alipatwa na kiharusi kilichompooza upande wa kulia na kumnyang'anya sehemu kubwa ya maneno. Kiingereza kilikwenda chote. Kiarabu kilibaki cha sala. Kiswahili kilirudi kwa vipande vipande, nacho ni Kiswahili cha Mji Mkongwe, cha nyumba ya Malindi alikozaliwa.

Jamaa wa Maskati huniuliza Manassas ni mahali gani. Ni mji mdogo wa Virginia, umbali wa kilomita 50 hivi kutoka Washington, na wengi wa watu wetu waliohamia huku walifuata nyumba zenye bei nafuu kuliko za Arlington na Fairfax. Wamarekani wanaujua kwa mapigano mawili ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, ya mwaka 1861 na 1862. Mimi nimeupenda kwa kisa kingine cha vita hivyo. Baada ya pigano la pili, mwishoni mwa Agosti 1862, majeruhi kwa maelfu walichukuliwa kwa mikokoteni hadi stesheni ya Fairfax, wakalazwa juu ya nyasi kavu kungojea treni ya kuwapeleka Alexandria. Miongoni mwa waliowahudumia alikuwamo Clara Barton, aliyekuwa karani wa serikali jijini Washington, na ambaye mwaka 1881 alikuja kuanzisha Msalaba Mwekundu wa Marekani. Hakuwa amesomea uuguzi popote. Aliujua kwa sababu utotoni alimuuguza kaka yake, aliyeanguka kutoka paa la ghala, kwa muda wa miaka miwili.

Hadi leo wengi wanaouguza katika nchi hii wameujulia uuguzi hapo hapo, chumbani, kwa ndugu aliyelala. Ripoti iliyotolewa mwaka 2025 na AARP pamoja na National Alliance for Caregiving inawahesabu watu milioni 63 wanaowahudumia jamaa wenye maradhi au ulemavu. Mwaka 2020 walikuwa milioni 53. Sababu ni nyingi, lakini moja mtaiona wenyewe siku mtakapokuwa na mgonjwa: hospitali hazikai na mtu. Tangu miaka ya 1980, Medicare ilipoanza kuzilipa hospitali kiwango maalumu kwa kila aina ya maradhi badala ya kulipia kila siku ya kulazwa, mgonjwa hutolewa mapema, na kazi zilizokuwa za wodini zimehamia nyumbani pamoja naye.

Kabla ya kuhamia nyumbani palitokea jambo hospitalini ambalo nataka mlijue, maana linaweza kumfika mzee yeyote wa kwetu. Kanuni zilizotokana na sheria ya afya ya mwaka 2010 zinampa mgonjwa asiyejua Kiingereza haki ya mkalimani bila ya malipo, na zinakataza kumfanya mtoto mdogo kuwa mkalimani isipokuwa katika dharura. Ni haki nzuri. Mkalimani wa siku ile alikuwa sauti ya kijana katika simu, mwenye Kiswahili cha mashariki ya Kongo, Kiswahili fasaha chenye njia zake. Muuguzi mwanamume alipomfunua Mama Mkubwa ili amsafishe, yeye aligeuza uso ukutani akasema, "Naona haya." Mkalimani akafasiri kwamba mgonjwa anasema anaviona vitu hivi. Akaulizwa ni vitu gani anavyoviona. Akarudia kwa sauti ya kutaka kulia, "Naona haya, naona haya."

Jioni nilipofika nilikuta imeandikwa katika jalada lake kwamba mgonjwa anaona vitu visivyokuwapo, na daktari wa zamu akizungumzia dawa ya kutuliza akili. Ilinichukua nusu saa kueleza kwamba mama huyu hakuona kitu chochote. Alikuwa uchi mbele ya mwanamume, akastahi. Alitaka asafishwe na mwanamke, na akifunuliwa afunikwe kanga. Maandishi yalifutwa, na karatasi ikabandikwa mlangoni yenye maelezo hayo. Simlaumu kijana wa simu. Ningependa tu kila mmoja wenu aandike leo, kwa lugha mbili, maneno kumi ambayo mzee wake huyatumia kuusema mwili wake, ayaweke mahali pa kuonekana.

Kutoka hospitali alipelekwa kituo cha mazoezi. Huko Medicare hulipa siku 20 za mwanzo kwa ukamilifu, kisha mgonjwa huchangia hadi siku ya 100, kisha basi. Kulishwa, kuogeshwa na kugeuzwa kwa miaka, yaani ulezi wenyewe hasa, haulipiwi. Watu wetu wengi hudhani kinyume chake, na hujua ukweli siku ya kutoka.

Virginia ina sheria tangu mwaka 2015 inayoitaka hospitali imwulize mgonjwa ni nani atakayemtazama nyumbani, iliandike jina lake katika jalada, na imfundishe. Likaandikwa jina la wifi yangu, mke wa kaka. Alifundishwa kwa muda wa dakika 40: kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya malazi, kumnyanyua kwa mashine, kukoroga unga maalumu katika kila kinywaji, hata chai, kwa kuwa koo lake halimezi vyema maji mepesi, na yakimpalia huenda yakaingia mapafuni. Wifi alisikiliza kwa adabu. Hayo yote alikuwa akiyajua. Kazi yake ya mchana ni kuwahudumia wazee majumbani mwao katika kaunti hii ya Prince William, kwa malipo ya saa. Anawageuza wazee wa watu kutwa, kisha hurudi kumgeuza mama mkwe wake usiku. Kaka ni dereva wa lori la masafa marefu, naye hulala nyumbani siku nne au tano kwa mwezi.

Hapa ndipo nilipojifunza jinsi sheria inavyoichora familia. Sheria ya likizo ya familia ya mwaka 1993 humpa mfanyakazi wiki 12 bila ya mshahara, akiwa ametumikia mwaka mzima kwa mwajiri mwenye watu 50 au zaidi, ili amuuguze mume au mke, mtoto, au mzazi. Mama mkwe hamo. Kwa hivyo yule ambaye jina lake limeandikwa jaladani na hospitali hana hata siku moja ya likizo hiyo kwa ajili ya mgonjwa wake. Shangazi hamo, wala mama mdogo, wala mama mkubwa. Lakini kuna mlango: sheria humhesabu kuwa mzazi yeyote aliyesimama mahali pa mzazi mtu alipokuwa mtoto. Ofisini kwangu nilitakiwa cheti cha kuzaliwa. Nikawajibu kwamba cheti kina jina la marehemu mama yangu, na kwamba kwa mujibu wa kanuni yatosha maelezo yangu mwenyewe ya maandishi kuwa huyu ndiye aliyenilea. Baada ya wiki mbili za barua nikapewa. Ninyi mliolelewa na bibi au khaloo, na katika koo zetu ni wengi, lishikeni jambo hili.

Virginia pia ina mpango wa Medicaid unaoweza kumlipa mtu wa kumhudumia mgonjwa nyumbani pale mgonjwa asipokuwa na kipato, na jamaa anaweza kuwa mtu huyo, ingawa jamaa anayekaa nyumba moja na mgonjwa huwekewa masharti mazito zaidi. Ofisi ya wazee ya Prince William, inayouhudumia mji wa Manassas pia, ilitusaidia kuzielewa fomu. Ombi letu bado linasubiri jibu.

Wakati huo huo baraza la ukoo lilikuwa likikutana usiku na mchana katika WhatsApp. Mnalijua, kwa kuwa ninyi ndio baraza. Kaka alipouliza, kwa upole, iwapo tumtafutie mama nafasi katika nyumba ya wazee walau kwa miezi michache ili mkewe apumue, yalikuja majibu 31 kwa siku moja. Karibu yote yalisema jambo moja: kwetu hatuwatupi wazee. Mmoja aliongeza kwamba Unguja hakukuwahi kuwa na aibu ya namna hiyo. Nilimkumbusha Welezo na Sebleni, ambako wazee wamekuwa wakitunzwa miaka na miaka, na hakuendelea. Hakuna hata mmoja kati ya wale 31 aliyeuliza wifi analala saa ngapi.

Sasa nirudi kwa muuguzi. Ni mama wa makamo kutoka Ghana, na kwa wiki kadhaa alikuwa akija Jumanne na Ijumaa. Mara ya tatu alichukua karatasi, akaketi mezani, akaniambia anataka kuichora familia. Nikafurahi, nikamwonyesha shajara katika simu. Akaitazama kwa heshima, akasema ni nzuri sana, kisha akaanza ya kwake.

Wauguzi huiita genogramu. Wanawake ni duara, wanaume ni mraba, aliyekufa hupigwa msalaba, na kwa kawaida vizazi vitatu vinatosha. Matumizi yake katika uuguzi yalienezwa sana na Lorraine Wright na Maureen Leahey wa Calgary, Kanada, katika kitabu chao cha mwaka 1984, na wao wana msimamo ambao uliniingia: familia ya mgonjwa ni wale ambao mgonjwa mwenyewe anasema ni familia yake. Baada ya duara na miraba huja mistari ya aina nyingine. Nani huzungumza na nani. Nani wamekatana. Nani hubeba nini. Karatasi ilipojaa, mistari yote minene ilikuwa imeishia katika duara moja, la wifi, ambaye katika shajara ya babu asingekuwa na nafasi hata ya nukta.

Kisha akauliza: katika vizazi vilivyotangulia, mtu wa kulala kitandani katika nyumba yenu aliuguzwa na nani?

Nilimfasiria Mama Mkubwa swali hilo. Alikaa kimya kwa muda, akakunja uso kama afanyavyo anapolitafuta neno, kisha akatamka jina la mwanamke. Akalitamka tena, na mkono wake wa kushoto ukawa unapanda na kushuka juu ya shuka, kama mtu anayekanda mguu kwa mafuta.

Jina hilo halimo katika shajara. Nililisikia utotoni katika hadithi za nyumba ya Malindi, likitajwa pamoja na kisima na mti wa mwasumini, kama sehemu ya nyumba. Bibi yake Mama Mkubwa alipooza mwaka 1951, akalala miaka mitano. Mabinti zake walikuwa wakiingia asubuhi kumwamkia na jioni kumsomea. Aliyemwosha, aliyemlisha, aliyelala chini kwenye mkeka mlangoni pake kwa miaka ile mitano ni mwanamke huyo. Mama yake alikuwa mzalia wa nyumba ile, yaani mtumwa aliyezaliwa humo. Amri ya Sultani ya mwaka 1897 iliondoa hadhi ya utumwa kisheria katika Unguja na Pemba, lakini ilimtaka mtumwa aende mwenyewe kuudai uhuru wake mbele ya mahakama, na masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Wengi walibaki walipokuwa. Binti yake alizaliwa huru akafanya kazi ile ile, kwa chakula, nguo ya sikukuu, na mshahara ambao babu hakuuandika popote, ingawa madaftari yake ya bei ya karafuu tunayo ya kila mwaka.

Basi tunaposema kwetu hatuwatupi wazee, tunasema kweli kwa nusu. Hatukuwatupa. Tuliwakabidhi. Tulikuwa na nyumba kubwa zenye watu wa kutumwa, na heshima ya kumtunza mzazi ikabaki kwetu ilhali uzito wa mwili wake ulikuwa mikononi mwa mwingine. Nyumba zile tulizipoteza mwaka 1964. Msemo tuliondoka nao, na sasa tunautumia kumwamrisha mwanamke mmoja wa Lamu, asiyekuwa na mtumishi wala likizo, katika nyumba ya vyumba vitatu nje kidogo ya barabara ya 28.

Niliipeleka picha ya karatasi ya muuguzi katika baraza. Palikuwa na ukimya wa siku mbili, jambo la nadra. Halafu binamu yetu wa Sohar, mwalimu mstaafu, akaandika kwamba atakuja kwa miezi miwili, na alikuja kweli. Wajomba wa London walianza kuchanga, na kwa mchango huo tunamlipa dada mmoja kutoka El Salvador anayekuja asubuhi nne kwa wiki. Yeye na Mama Mkubwa hawana lugha moja. Huimba anapofanya kazi, na mgonjwa hutulia. Nyumba ya wazee hatujaikataa wala kuikubali. Tumekwenda kutazama mbili, na moja ilikuwa safi na yenye watu wapole kuliko nilivyotazamia. Kaka ataamua akishirikiana na mkewe, na ninawaomba kwa adabu muwaachie.

Nilipopendekeza jina la yule mwanamke wa Malindi liingie katika kumbukumbu zetu, mzee wetu mmoja alipinga. Alisema shajara ni ya nasaba, na dini imekataza mtu kunasibishwa na asiyekuwa baba yake. Ana haki, na sikushindana naye. Nasaba ibaki kama ilivyo. Ninachoandaa ni karatasi ya pili, ya wale waliouguza: nani, katika nyumba ipi, alimuuguza nani, kwa miaka mingapi, na alilipwa nini. Hadi sasa nina majina 14 kwa vizazi vitatu. Tisa kati ya hayo hayamo katika shajara, na yote 14 ni ya wanawake.

Kwa kupitia jirani wa zamani niliwapata wajukuu wake, wako Ng'ambo. Jina lake silitaji hapa kwa kuwa bado hawajaniruhusu. Mjukuu mmoja, mwenye duka la vitambaa, alinitumia ujumbe wa sauti. "Dada yangu, bibi akitusimulia," alisema. "Alisema yule bikizee wenu alikuwa akimtemea uji." Akacheka kidogo. Kisha akasema niandike, hana tatizo, lakini nikimwandika bibi yake nimwandike na mama yake, maana ndiye aliyemuuguza bibi pale Michenzani kwa muda wa miezi minane, na hakuja mtu wa kwetu hata kumtazama.

Nilimwuliza iwapo majina hayo mawili yanaweza kuwekwa katika ukurasa huu ambao watu husoma kutoka kila pembe. Amesema atazungumza kwanza na kaka zake, na atamwuliza shangazi yake mwaka aliozaliwa bibi, kama yupo anayeujua. Kwa sasa yamo katika karatasi ya nyumbani tu, iliyobandikwa ukutani karibu na ratiba ya dawa.